Mtoto Niliyemfundisha Asiitike

Mwezi wa saba, katika mji wetu, hakuna mvua hata tone moja. Baridi inalala juu ya mabati mpaka saa tatu ya asubuhi. Vumbi jekundu linakaa juu ya sahani, juu ya mito, ndani ya masikio ya watoto. Jua linatoka limefunikwa moshi, unaliangalia kwa macho yako mawili na haliumizi. Nchi yote inaungua polepole: huyu anachoma majani ili apate panya, yule anachoma njia ili aone nyoka, na mwingine anachoma kwa kuwa ameona mwenzake amechoma. Basi majivu meusi, membamba kama nywele, yanaelea juu ya nyumba mchana kutwa. Ukiyashika hayapo, umebaki na kidole cheusi.

Huo ndio wakati watoto walipofunga shule. Tulisema vakanse, kama mamere, wale masista wa shule, walivyosema. Mamere walilitamka neno hilo wakicheka. Mimi sikucheka.

Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi, Elisabethville, mstari wa mwisho kabisa. Mbele ya mlango wangu kulikuwa na nyumba za matofali zimepangwa kama meno, na nyuma yake lile dohani refu la kiwanda. Nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na mihogo yetu michache, kisha majani, kisha pori. Mume wangu alifanya kazi ya moto, kwenye tanuru la kiwanda. Juma moja alikwenda mchana, juma jingine usiku, na siku alizokuwa nyumbani alilala kama jiwe. Mimi nilikuwa na bustani ya lengalenga, yaani mchicha, na nyanya kule bondeni, karibu na kijito, mahali ambapo ardhi inashika maji hata wakati wa kiangazi. Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto wa kike wa miaka saba.

Huyo wa miaka saba ndiye ninayemsema hapa.

Miezi ya shule mamere walimshika mpaka saa sita, na nikirudi kutoka bustanini tulifika pamoja. Wakati wa vakanse hakuna aliyemshika. Kumpeleka bondeni kila siku sikuweza. Nani angelinda mihogo iliyoanikwa? Mbuzi wa jirani hawakuwa na vakanse. Nani angeshika nafasi ya ndoo yetu kwenye robine, pale mwisho wa mstari, ambapo wanawake arobaini walingoja maji na kupigana kwa midomo? Basi nilimwacha.

Hatari zilikuwa nyingi. Kulikuwa na mashimo ya udongo ya wafyatua matofali, yenye maji ya kijani chini ambayo hayakukauka. Kulikuwa na reli. Kulikuwa na malori. Kulikuwa na moto wa pori unaotembea bila mwenyewe, na vichuguu vikubwa kama nyumba, vyenye mashimo ya muhanga ambamo nyoka wanapanga bila kulipa. Mtoto wa miaka saba ukimwambia hatari tano anashika mbili, na ile ya tatu ndiyo inamuua. Kwa hiyo wanawake wa mstari wetu tulikuwa na neno moja la kutosha kwa yote: mutumbula.

Watu wa siku hizi wanacheka. Siku zile hakuna aliyecheka. Mutumbula, walisema, ni mtu anayetembea kutafuta watu. Anakugusa na kitu, unakuwa bubu, anakupeleka mahali wanapokunonesha kama nguruwe, na hakuna anayekuona tena. Wanaume wazima waliacha njia ya mkato kwa ajili yake. Kama niliamini? Niliamini nusu. Nusu ya pili niliitumia kama fimbo.

Mtoto wangu alikuwa mwerevu, na mwerevu hakubali kitisho kilicho wazi wazi. Aliuliza.

“Mama, nikimuona nitakimbia. Eh, na kama simuone?”

“Atakuita.”

“Ataniita namna gani? Hajue jina yangu.”

Nilikuwa nafunga mtoto mgongoni, nilikuwa nimechelewa, jua lilikwisha kupanda. Nikasema lililokuja mdomoni.

“Atakuita na sauti yangu mimi. Mutumbula anaiba sauti ya mama. Ukisikia mama anakuita toka mu pori, usiitike. Ata akilia, usiitike.”

Aliniangalia. Niliona limeingia. Nikaenda bustanini nimetulia, kama mwanamke aliyefunga mlango wake kwa ufunguo.

Jirani yangu, mama mmoja wa Kasai, mkubwa kwangu, niliyemwita yaya kama dada mkubwa, alisikia yote akiwa anasuka mtoto wake nywele. Yeye alinitania kila siku, kwamba sisi wenyeji wa hapa tunapika bukari, ugali wetu, kama uji. Siku ile hakutania.

“Dada, ile kintu umemufunza, ni muzito.”

“Mutoto yangu, yaya. Haiko yako.”

“Eh, yako. Mimi niko nasema tu.”

Majuma mawili yalipita vizuri. Yalipita kama ndoto ya mtu aliyeshiba. Nilikwenda, nilirudi, mihogo ipo, ndoo imejaa, mtoto amekaa kizingitini na magoti yake pamoja. Hakuwa na tope miguuni. Hakuwa na mkwaruzo. Nilijisifu. Sikuona kwamba alikuwa amenyamaza, kwa sababu mtoto aliyenyamaza hatoi kazi, na mimi nilihesabu kazi tu.

Siku yenyewe, nilikuwa nimepiga magoti kati ya matuta, mikono ndani ya maji. Kule bondeni kiangazi ni kizuri, sitakataa. Maji ni baridi mpaka mifupa inaimba. Ukungu unatembea juu ya lengalenga kwa miguu yake, na sauti za kambi zinafika zimelainika, mchi wa huyu, kikohozi cha yule, huwezi kujua kama ni za leo au za mwaka jana. King'ora cha kiwanda cha saa sita kilikwisha kulia. Mtoto mgongoni alilala. Nadhani hata mimi nililala na macho wazi. Ndipo nikamwona mama wa Kasai anateremka njia mbio, kitambaa cha kichwa mkononi. Mwanamke mkubwa namna ile hakimbii bure.

“Mutoto yako eko hapa?”

“Hapana. Eko ku nyumba.”

Akakaa chini palepale, juu ya nyanya zangu.

Alinieleza huku akipumua. Watu wa dawa ya mbu walikuwa wamefika mstari wetu. Walitumwa na kambi, kila nyumba waipulizie. Walikuwa watatu, na mapipa ya bati mgongoni, mipira mirefu mkononi, vitambaa vyeupe vimefunga pua na mdomo. Watoto wote wa mstari waliwafuata wakipiga makofi. Wangu hakupiga makofi. Alitoka nyuma ya nyumba, akawaona wanaingia mlangoni kwetu bila kubisha, akapita katika mihogo, akaingia porini. Jirani alidhani amekuja kwangu.

“Nilimuita,” alisema. “Nilimuita sana. Hakuangalia ata nyuma.”

Tulipofika juu, kabla sijauliza lolote, niliona moshi. Moshi wa siku zote ulikuwa mbali, wa kijivu, wa kulala. Huu ulikuwa karibu na mweupe na ulisimama. Wawinda panya walikuwa wamewasha upande wa reli, na upepo wa mchana ulikuwa umegeuka kuelekea kambi. Kati ya moto na mihogo yangu kulikuwa na majani ya kimo cha mtu, makavu, ya manjano, na vichuguu.

Nilimpa jirani mtoto mchanga. Nikaingia.

Nitasema namna ilivyokuwa, kwa sababu nimeiota mara nyingi na ndoto haikuongeza kitu. Ndani ya majani hakukuwa na upepo. Jua lilikuwa jekundu na dogo. Majivu yalianguka taratibu, taratibu, juu ya mikono yangu, na panya walipita juu ya miguu yangu bila kuniogopa, wanakwenda mahali ninapotoka. Mbali kidogo moto ulikuwa unatafuna, kama mtu anayekula mifupa midogo. Na mimi niliita. Niliita jina lake, jina la nyumbani, jina la ubatizo. 

Watu wa dawa walikuja nyuma yangu na mapipa yao. Mmoja aliuliza, kwa adabu, kitambaa usoni:

“Mama, tukusaidie kumuita?”

“Weye ujifiche!” nilimwambia. “Eko nakimbia weye! Toka hapa na hiyo uso!”

Alirudi hatua moja nyuma. Kisha akatua pipa, akafungua kitambaa, akakata tawi bichi, na wenzake wakafanya vilevile. Hawakuita tena. Walikwenda kuupiga moto. Nataka hilo lijulikane, maana watu wale tuliwasema vibaya miaka mingi.

Kulikuwa na vichuguu vitatu vilivyokaribiana. Nilipofika kati yake nilisikia kikohozi. Kidogo, cha mtoto, cha kuzuia na mkono. Nikaita kwa furaha, kwa nguvu zangu zote: “Mutoto yangu! Ni mimi! Ni mama!”

Kikohozi kikakatika.

Hapo ndipo nilipoelewa. Moshi ulikuwa unaingia shimoni mwake, kifua kilitaka kukohoa, na yeye alikuwa amejiziba pumzi kwa sababu alinisikia mimi. Kila nilipoita vizuri zaidi, alijificha zaidi. Alikuwa mtoto mtiifu. Alifanya sawasawa kama nilivyomwagiza. Sauti yangu ndiyo iliyomfungia humo.

Niliingiza mkono katika shimo la kichuguu cha kwanza, mpaka begani. Udongo tu. Nilizunguka cha pili, majani yalinikata uso, sikuona mlango. Moshi sasa ulipita chini, ukigusa ardhi. Mama wa Kasai alikuwa amenifuata mpaka mwisho wa mihogo, mtoto wangu kifuani, anapiga kelele:

“Dada! Umuambie kintu yenye munajua weye na yeye tu! Kintu mutumbula haiwezi kujua!”

Maneno ya akili. Nikafungua mdomo.

Nilisema: una kovu kwenye goti. Nikasikia mwenyewe kwamba kambi nzima inalijua goti lile. Nilisema: unapenda ukoko wa bukari. Mtoto gani hapendi? Nilisema: kanzu yako ya Pasaka ni ya bluu. Alikwenda nayo kanisani mbele ya watu mia. Nikatafuta kingine. Nilikuwa nimemzaa, nimemwogesha, nimempiga, nimemfunika usiku, na nimesimama katika majivu natafuta neno moja la siri kati yangu na yeye, sipati. Nilijua kipimo cha kanzu yake. Nilijua anabeba ndoo ya lita ngapi. Chumba cha ndani cha mtoto wangu sikuwahi kuingia.

Nikanyamaza. Nadhani kunyamaza ndiko kulikomfanya aseme. Sauti ilitoka chini ya ardhi, kavu, upande wa kichuguu cha tatu au cha pili, sikuweza kujua.

“Kama uko mama, leo asubui ku robine nilikuambia nini?”

Leo asubuhi. Nilifunga macho. Niliona robine. Niliona mstari wa ndoo, barafu nyembamba juu ya beseni la mtu, wanawake na vitambaa vyao mabegani. Nilimwona yeye mbele yangu, ameinua uso. Niliona mdomo wake unafunguka na kufungwa, na mvuke mweupe wa baridi unatoka katika kila neno, wingu dogo, wingu dogo, na kila wingu linapotea juu ya kichwa changu. Alisema maneno mengi. Nilikuwa naangalia mwanamke mmoja aliyetaka kuingiza ndoo yake mbele ya yangu.

Ningeweza kubahatisha. Umesema una baridi. Umesema una njaa. Watoto wanasema hayo. Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi ya kusema una njaa.

“Sijue,” nilisema. “Uliniambia, na sikukusikiliza. Nilikuwa naangalia ndoo.”

 Moto ukavunja tawi mahali fulani.

Kisha nikasikia udongo unaporomoka, na upande wa nyuma wa kichuguu cha tatu, kutoka katika shimo la muhanga ambalo nisingeliona kamwe, kikatoka kichwa chekundu cha vumbi, bila nyusi, kama mtu anayezaliwa mzee. Akanikagua toka miguuni mpaka juu.

“Ni mama,” alisema, kama anamjulisha mtu mwingine. “Mutumbula angesema tu kintu.”

Nilimbeba. Alikuwa mkubwa wa kubebwa, nilimbeba. Tulipita mahali ambapo wale watu watatu walikuwa wamekwisha kuupiga moto ukalala, ardhi nyeusi na joto chini ya nyayo, na mashina yanatoa moshi mwembamba wa kupanda moja kwa moja. Yule wa kwanza alikuwa amekaa juu ya pipa lake, uso wazi, jasho na masizi. Mtoto alijificha shingoni mwangu.

“Umuangalie,” nilimwambia. “Ni muntu ya dawa ya mbu. Eko na pua.”

Aliangalia kwa jicho moja. Yule mtu akashika pua yake mwenyewe, akaivuta, kuonyesha kwamba inashikilia. Mtoto hakucheka. Mama wa Kasai ndiye aliyecheka, akacheka mpaka akalia, akakaa chini kwa mara ya pili siku ile.

Jioni majirani walingoja nimpige. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi: mtoto aliyepotea akapatikana, anapigwa ili asipotee tena. Mume wangu naye alirudi kutoka kazini, akasikia habari, akaniangalia mkono. Sikumpiga. Nilimwogesha na maji ya moto, na vumbi la kichuguu lilitoka, likatoka, likatoka, maji matatu. Nikamwuliza, kwa upole nisiouzoea, kile alichoniambia robineni ni kitu gani.

“Ni ndoto,” alisema.

“Ndoto gani?”

“Imeshapita.”

Nikamsihi. Mimi, kumsihi mtoto! Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Ilikuwa imepita tu, kama majivu yale, na mpaka leo sijaijua.

Kesho yake sikuenda bondeni. Nyanya zilikauka kidogo, hazikufa. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye mashimo ya wafyatua matofali, tukalala kifudifudi ukingoni, tukatupa jiwe katika maji ya kijani, tukahesabu mpaka lilipogusa chini. Nikamwambia: hapa mtoto anakufa, kwa sababu ukingo ni laini. Sikutaja mutumbula. Siku iliyofuata tulikwenda reli, tukaweka sikio juu ya chuma, tukasikia treni ambayo ilikuwa bado mbali, mbali sana, inaimba peke yake. Siku nyingine barabara ya malori. Siku nyingine tulirudi kwenye vichuguu, pori likiwa jeusi lote na wazi, na nilimwonyesha namna ya kukimbia moto: unaingia mahali palipokwisha kuungua. Hatari moja kwa siku, kwa miguu, mkono kwa mkono. Ilikula vakanse yote. Bustani niliimwagilia alfajiri, yeye akishika kopo.

Lakini neno baya ukilipanda haling'oki kwa kuvuta mara moja. Nilimwambia mutumbula haibi sauti, kwamba ule ulikuwa uongo wangu mwenyewe. Alisikiliza. Akasema ndiyo mama. Na nilipomwita kula, hakuitika.

Alisimama kwenye kona ya nyumba, mikono nyuma, uso mzito kama wa karani.

“Leo nilikuambia nini?”

Mara ya kwanza nilisahau, nikakiri, akaja. Mara ya pili nilikumbuka nusu. Ilibidi nianze kusikiliza asubuhi kama mtu anayejifunza katekisimu, kwa kuogopa kuulizwa. Nilitoka katika mstari wa robine, nikageuza ndoo, nikaikalia, uso wangu ukawa sawa na uso wake, na wanawake wakapita mbele yangu wakisema nimelogwa. Mvuke ukatoka mdomoni mwake na safari hii maneno yalikuwa ndani. Usiku, alisema, ndege alitembea juu ya mabati yetu. Ndege yule hakuwa na miguu. Alitembea na jina lake mwenyewe badala ya miguu. Wakati jina lilipokwisha, akakaa.

Mchana bukari ikaiva. Nilitoka mlangoni nikamwita. Jirani yangu wa Kasai aliacha kutwanga ili asikie.

“Leo nilikuambia nini?”

“Ndege,” nilisema. “Alitembea na jina yake juu ya mabati. Jina ikaisha, akakaa.”

Aliwaza. Alitafuta kosa, nilimwona anatafuta.

“Alikaa wapi?”

“Haukuniambia.”

“Bon,” alisema mtoto wangu, akaja kunawa mikono.